Nani Anabaki na Mtoto? Urusi na Masomo ya Mtandaoni

Katikati ya Machi 2020 shule na vyuo vya Urusi vilianza kufunga milango kimoja baada ya kingine. Tarehe 14 wizara inayosimamia vyuo vikuu ilivitaka vihamishie masomo mtandaoni. Siku mbili baadaye Moscow iliwaachia wazazi waamue wenyewe kama watoto waende shule au wabaki nyumbani, na ilipofika tarehe 21 shule za jiji zima zilikuwa zimefungwa. Likizo ya majira ya kuchipua ikarefushwa, na mwanzoni mwa Aprili wanafunzi wa shule wapatao milioni 16, pamoja na wale wa vyuo vikuu wapatao milioni 4, walikuwa wakisomea nyumbani, kuanzia Kaliningrad iliyo kwenye Bahari ya Baltiki hadi Kamchatka kwenye Pasifiki. Nchi yenye kanda 11 za saa ilihamia kwenye skrini ndani ya wiki chache.

Tangu hapo mjadala wa Warusi juu ya masomo hayo umekuwa ukielezwa kama mvutano kati ya vijana wapenda teknolojia na wazazi wanaoiogopa. Maelezo hayo ni mepesi kuyashika, lakini hayafanani na nchi yenyewe. Urusi ndiyo iliyozaa kampuni ya mtandao ya Yandex. Intaneti yake ni ya bei nafuu kuliko ya nchi nyingi za Ulaya, na mzazi wa mjini alikuwa amezoea kwa miaka kadhaa kufungua shajara ya kielektroniki ya shule kila jioni ili aone alama za mwanawe. Watu wa namna hiyo hawaogopi kompyuta. Nionavyo mimi, wazazi na wanafunzi wa Urusi walikuwa wakipima mambo mawili mengine kabisa: nani ataibeba kazi ambayo shule imeitua, na kama mtu anayesema jambo hili ni la muda tu anaaminika. Ukishika hayo mawili, mengi yanayoonekana kupingana katika maoni yao yanaanza kueleweka.

Kwanza, Warusi hawakuwa wageni wa kukaa mbali na darasa. Kule Yakutsk baridi ikifika nyuzi 45 chini ya sifuri wanafunzi wa madarasa ya chini hubaki nyumbani, na kadiri inavyozidi kushuka ndivyo madarasa ya juu yanavyofuata. Takriban kila majira ya baridi homa ya mafua hufunga madarasa na hata shule nzima. Kanuni ya kawaida ni kwamba watoto wakiugua hadi kufikia asilimia 20, masomo yanasimama. Zaidi ya hayo, enzi ya Kisovieti ilijenga mfumo mkubwa wa elimu masafa. Mfanyakazi wa kiwandani alijiandikisha chuoni, akapokea kazi zake kwa posta, akazifanya usiku baada ya zamu, kisha akaenda chuoni mara chache kwa mwaka kusikiliza mihadhara na kufanya mitihani. Wahandisi, walimu na wahasibu wengi walipata shahada zao kwa njia hiyo, na mfumo huo upo hadi leo.

Lakini heshima yake haikuwahi kulingana na ya masomo ya kuhudhuria. Mzazi wa Kirusi akisikia kijana fulani anasoma kwa masafa, mara nyingi husikia kwamba kijana huyo alikosa nafasi ya kweli, au ana kazi na anatafuta cheti tu. Dharau hiyo ni ya zamani kuliko intaneti, nayo ilikuwepo tayari wakati skrini zilipowashwa Aprili 2020.

Upo hata hivyo mfano mmoja wa masafa ambao Warusi huuzungumzia kwa mapenzi. Mwaka 1964 mwanahisabati Israel Gelfand alianzisha shule ya hisabati ya posta kwa ajili ya watoto wanaoishi mbali na miji yenye vyuo. Mtoto wa kijijini alipokea maswali, akaumiza kichwa kwa majuma, akatuma majibu. Kwenye upande wa pili wanafunzi wa chuo kikuu waliyasoma majibu hayo mstari kwa mstari na kuyarudisha yakiwa na maelezo: hapa umeruka hatua, hapa njia yako ni nzuri kuliko yetu. Umbali ulikuwa mkubwa kuliko wa Zoom, na jibu lilichukua siku nyingi kufika. Lakini mtoto alijua kuna mtu aliyeisoma karatasi yake. Naurudia mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba Warusi walikuwa na kipimo chao cha masomo mazuri ya mbali muda mrefu kabla ya korona, na kipimo hicho hakikuwa kasi ya mtandao.

Sasa tuingie ndani ya nyumba za Aprili 2020, maana hapo ndipo hasira zilipozaliwa. Familia nyingi za mijini bado zinaishi katika majengo ya ghorofa tano yaliyojengwa enzi za kiongozi wa Kisovieti Khrushchev. Nyumba ya vyumba viwili katika majengo hayo ina kama mita za mraba 44, na jiko lake ni mita za mraba 6 hivi; meza ikiwekwa humo mtu hupita kwa kujibana. Katika eneo hilo baba alikuwa kwenye kikao cha kazi chumbani, binti wa darasa la 8 ameshika kompyuta pekee ya nyumbani, na mdogo wake wa darasa la kwanza yupo jikoni na simu ya mama iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kupikia.

Huyo wa darasa la kwanza anastahili kutazamwa kwa karibu. Mtoto wa Kirusi huanza shule akiwa na miaka 6 au 7, na moja ya kazi zake kubwa za mwaka ule ni kujifunza mwandiko wa kuunganisha herufi. Ana daftari maalumu lenye mistari ya mshazari, na kila herufi lazima ifuate mshazari huo. Darasani mwalimu hupita nyuma ya madawati, huinama, hurekebisha vidole kwenye kalamu, hunyoosha mgongo wa mtoto, hugeuza daftari kidogo. Kwenye skrini anaona paji la uso. Hawezi kuuona mkono. Basi mama anakaa pembeni na kushika mkono ule, ingawa hajui mwalimu anataka mkia wa herufi uishie wapi. Somo likiisha anapiga picha ukurasa na kuutuma. Picha inarudi: haionekani vizuri. Anasogea dirishani, anapiga tena. Wakati huo mwalimu wa Kiingereza ameweka kazi kwenye shajara ya kielektroniki, wa muziki ametuma kwa barua pepe, wa mazingira anataka zoezi la tovuti ya masomo ya Uchi.ru, na wa michezo anaomba video ya mtoto akichuchumaa mara ishirini. Kundi la wazazi kwenye Viber au WhatsApp limejaa ujumbe usiosomeka wote. Na mama huyu ana kazi yake mwenyewe ambayo hajaigusa.

Huyu ndiye mzazi aliyepinga masomo ya mtandaoni kwa sauti kubwa kuliko wote. Kusema alishindwa kuendana na wakati ni kumdhulumu. Kwa vizazi vitatu au vinne wanawake wengi wa Urusi wamekuwa wakifanya kazi za ajira, na dola iliahidi kuwapokelea watoto: chekechea asubuhi, shule, kisha vikundi vya kubaki shuleni mchana hadi mzazi atoke kazini. Palipopelea, bibi aliziba. Mwaka 2020 bibi naye aliondolewa kwenye hesabu. Kuanzia tarehe 26 Machi Moscow iliwataka wenye zaidi ya miaka 65 wajitenge nyumbani, na mikoa mingine ikafuata. Kwa hiyo mama alipoteza shule, kikundi cha mchana na mama yake mzazi ndani ya wiki moja, kisha akaambiwa kwamba elimu inaendelea. Iliendelea kwa mikono yake, bila malipo, tena kwa kazi ambayo walimu wa madarasa ya awali huisomea kwa miaka.

Walimu nao hawakuwa wamestarehe. Wengi walifundisha kwa kompyuta zao na bando zao, wakakesha wakifungua picha za madaftari moja moja, na wakati mwingine watoto wao wenyewe walikuwa wakisubiri simu hiyo hiyo. Lakini mzazi hakuiona kazi hiyo. Alichokiona ni dakika 30 za somo na saa nne za kufuatilia. Sehemu kubwa ya uchungu kati ya nyumba na shule ilitokana na kila upande kubeba mzigo ambao upande wa pili hauuoni.

Mzigo huo unaeleza pia kwa nini mitazamo ilipishana kufuatana na umri wa mtoto. Kura za maoni za mwaka ule zilirudia picha moja: wazazi walio wengi walitaka watoto warudi darasani, wanafunzi wakubwa maoni yao yaligawanyika zaidi. Anayeweza kujiamsha, kufungua somo, kuandika na kutuma mwenyewe hamtwishi mtu. Serikali ya Moscow inaelekea ililitambua hilo. Maambukizi yalipopanda tena, kuanzia tarehe 19 Oktoba 2020 ilihamishia mtandaoni darasa la 6 hadi la 11 peke yake. Wadogo, wa darasa la 1 hadi la 5, waliendelea kwenda shule. Wakubwa walirudi tarehe 18 Januari 2021. Kama uamuzi, naona ulikuwa wa busara kuliko ule wa Aprili.

Hata hivyo ulikuja na jambo dogo lililoudhi watu kupita kiasi: kadi za usafiri za wanafunzi wa madarasa hayo zilisimamishwa, ili vijana wasizurure kwenye metro. Kwa watunga sera ilikuwa hatua ya afya. Kwa mzazi ilikuwa dalili kwamba kilichoitwa masomo kilikuwa kumfungia mtoto wake ndani. Kijana wa miaka 16 aliyekuwa akienda mazoezi ya hoki au kwa mwalimu wake wa piano upande wa pili wa jiji sasa alipaswa kulipa nauli kamili, na familia yenye watoto watatu ililisikia hilo mfukoni.

Vijana wenyewe waliyaonaje? Wa shule za sekondari walikuwa na furaha ambayo wakubwa wao hawakupenda kuikubali. Walilala zaidi; katika majira ya baridi ya Urusi mwanafunzi huenda shule gizani na kurudi gizani, na saa moja ya usingizi ni kitu. Waliokuwa wakionewa na wenzao walipumua. Wenye ulemavu ambao kufika shule kulikuwa safari ya taabu walijikuta kwa mara ya kwanza wako sawa na darasa zima. Lakini furaha hiyo haikudumu sawasawa. Kamera zilizimwa moja baada ya nyingine, na mwalimu akabaki anazungumza na vijiboksi vyeusi vyenye majina. Wanafunzi waliijua siri ambayo alama nzuri za muhula ule ziliificha: majibu yalizunguka kwenye makundi kabla mtihani haujaisha. Mwanafunzi mwenye bidii ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu alama yake haikumtofautisha tena na mtu.

Mtihani ndio uliofanya wa madarasa ya mwisho waishi mwaka wa namna yao. Wa darasa la 9 walifutiwa mtihani wa taifa na kupewa vyeti kwa alama za mwaka. Wa darasa la 11 walisubiri. Mtihani wa pamoja wa taifa, ambao tangu 2009 ndiyo njia kuu ya kuingia chuo kikuu nchi nzima, uliahirishwa hadi ukaanza tarehe 3 Julai, na ukabaki kwa wanaotaka kuendelea na vyuo vikuu tu. Wengine walipewa cheti bila mtihani. Miezi hiyo ya kusubiri iliwachosha vijana kuliko somo lolote la mtandaoni. Sherehe ya kengele ya mwisho, ambayo kila Mei huwatoa wasichana kwa riboni nyeupe na wavulana kwa suti mpya, ilifanyika kwenye skrini. Kule Petersburg, meli yenye matanga mekundu inayopita mto Neva usiku kwa heshima ya wahitimu ilipita bila umati wa wahitimu.

Na hapa pana ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko kura za maoni. Katika miezi hiyo hiyo, wazazi waliokuwa wakilaani masomo ya shule ya mtandaoni walikuwa wakilipia tuisheni ya mtandaoni. Mwalimu wa tuisheni ni mtu wa kawaida katika maisha ya mwanafunzi wa Kirusi anayejiandaa na mtihani wa taifa, na korona ilipokuja walimu hao walihamia Skype na Zoom na kuendelea. Familia nyingi hazikurudi tena kwenye kumleta mwalimu nyumbani hata baada ya vizuizi kuondolewa. Skrini ni ile ile, jiko ni lile lile, mtandao unakatakata vile vile. Tofauti ni kwamba mwalimu wa tuisheni ana mwanafunzi mmoja mbele yake, anaona kalamu yake inapokwama, na mama anaweza kufunga mlango akaenda zake. Mzigo umebebwa na aliyelipwa kuubeba. Kwa hiyo tunaposikia kwamba Warusi hawataki masomo ya mtandaoni, tuulize: yapi? Ya yule anayeangaliwa, au ya yule aliyeachiwa mama yake?

Vyuoni hesabu iligeuka. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Moscow au Yekaterinburg mara nyingi huanza kufanya kazi akiwa mwaka wa tatu, kama si mapema zaidi, na wengi huishi mbali kiasi cha kutumia saa mbili au zaidi kwa siku njiani. Mihadhara iliyorekodiwa iliwapa muda huo. Wengi walisema wazi kwamba wangependa mihadhara mikubwa ya kusikiliza tu ibaki mtandaoni, na semina na maabara zirudi chuoni. Naona huo ndio msimamo wenye akili kuliko yote iliyosikika mwaka ule, na ulitoka kwa vijana wa miaka 20.

Lakini walidai pia ada ipunguzwe, na hapo walikutana na ukuta. Urusi ina wanafunzi wanaosomeshwa na serikali na wanaojilipia, na waliojilipia waliandika maombi mengi: hatutumii maabara, hatutumii maktaba, hatuketi kwenye viti vyenu, kwa nini tulipe sawa? Jibu la wakuu lilikuwa kwamba elimu inayotolewa ni ile ile na gharama yake haijashuka. Wanafunzi waliambiwa kwa pumzi moja kwamba masomo ya mtandaoni ni hatua ya dharura na kwamba thamani yake ni kamili. Hayo mawili hayakai pamoja kwa raha, na vijana waliliona hilo mara moja.

Wapo ambao skrini haikuwafaa kitu. Mwanafunzi wa violin kwenye konservatori hawezi kupiga na mpiga piano aliye nyumba nyingine, kwa kuwa sauti huchelewa. Mwanafunzi wa kemia anahitaji maabara. Na wa udaktari walipata kilichokuwa kinyume kabisa cha masomo ya mbali: mwishoni mwa Aprili 2020 wizara iliagiza mazoezi ya wanafunzi wa miaka ya juu yafanyike katika hospitali zinazotibu korona. Ndani ya bweni moja basi ungemkuta mmoja anasikiliza mhadhara kitandani na mwingine anarudi kutoka zamu ya wodini.

Saa nazo zilileta taabu ambayo wengi wanaisahau. Vyuo viliwataka wanafunzi waondoke mabwenini kwa usalama, nao wakatawanyika hadi makwao. Mhadhara wa saa tatu asubuhi Moscow ulimfikia wa Vladivostok saa kumi jioni, na semina ya jioni ikamwangukia usiku wa manane. Kwa wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki hali ilikuwa nafuu upande huo, kwa kuwa saa za Moscow ni sawa kabisa na za Dar es Salaam na Nairobi. Tangu 1960 chuo kikuu kilichokuja kuitwa Patrice Lumumba, na ambacho kilirudishiwa jina hilo mwaka 2023, kimekuwa kikipokea vijana kutoka pande zetu. Urusi ilifunga mipaka kwa wageni tarehe 18 Machi 2020, na wanafunzi wengi wa kigeni waliokuwa nje walibaki nje hadi mwaka uliofuata, wakiendesha kampeni mtandaoni kuomba warudishwe. Kwao masomo ya mbali yalikuwa na maana nyingine. Mtu aliyekwenda kusoma Urusi alikusudia pia kujifunza Kirusi sokoni, bwenini na hospitalini. Hayo huwezi kutumiwa kwa faili.

Mpaka hapa nimezungumzia mzigo. Upande wa pili ni imani, nao ndio uliochochea mitaa. Mei 2020 mswada wa kuipa serikali uwezo zaidi wa kupanga taratibu za masomo ya mbali ulifika Duma, bunge la Urusi, na ndani ya siku chache ukazuka mfululizo wa maombi, barua na video za wazazi waliosema kwamba shule ya kawaida inazikwa. Kelele zilifika juu. Tarehe 21 Mei, kwenye kikao kuhusu elimu, Rais Putin alisema uvumi kwamba masomo ya mtandaoni yatachukua nafasi ya darasa ni uchochezi. Ni mara chache kiongozi wa nchi hiyo hulazimika kujibu hofu ya makundi ya wazazi wa WhatsApp.

Ndani ya hofu hiyo kulikuwa na mambo ya ajabu: watoto kuwekewa chipu, njama za mabenki, mpango wa siri wa kuwatawala watu. Hayo sina haja ya kuyatetea. Lakini chini yake kulikuwa na hoja ya watu wazima wenye kumbukumbu. Tangu miaka ya 2000 Urusi imefunga maelfu ya shule za vijijini kwa jina la kuboresha matumizi ya fedha. Kila mara ahadi ilikuwa nzuri: basi la shule, shule kubwa yenye vifaa, walimu waliobobea. Mara nyingi basi lilikwama kwenye theluji, na kijiji kilichopoteza shule kilipoteza familia changa pia. Zahanati zilifungwa kwa maneno yale yale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mzazi wa mkoani alipoambiwa habari za mazingira ya kielektroniki ya elimu, masikio yake yalisikia hatua inayofuata: mwalimu mmoja wa fizikia kwenye skrini kwa wilaya nzima, na jengo kufungwa. Na alipoona Desemba 2020 serikali inatangaza majaribio ya mazingira hayo katika mikoa 14, hakuona sababu ya kubadili mawazo.

Ndani ya hofu hiyo ilikuwemo sentensi iliyorudiwa nchi nzima kwa namna mbalimbali: watoto wa matajiri watafundishwa na watu, watoto wetu watafundishwa na mashine. Wachambuzi wengi waliichukulia kama malalamiko ya wanyonge. Mimi naichukulia kama maelezo sahihi ya kile kilichokwisha kuonekana kwenye tuisheni. Uangalizi wa mtu kwa mtu ni ghali, na chochote kilicho ghali huishia mikononi mwa wenye uwezo, isipokuwa umma umeamua kwa makusudi kukilipia kwa wote.

Umbali wenyewe uliweka hoja hiyo wazi Novemba 2020. Kijana mmoja wa chuo kutoka kijiji cha mkoa wa Omsk, Siberia, alijirekodi akiwa amepanda juu ya mti wa mbetula nje ya kijiji chao, kwa sababu huko ndiko simu yake ilikoshika mtandao. Alimwomba gavana amweleze atasomaje masomo ya mtandaoni katika baridi ile, juu ya mti. Video yake ilitazamwa na watu wengi sana. Hakusema masomo ya mtandaoni ni mabaya. Alisema ameachiwa kazi ya kuyafikia peke yake.

Sheria nayo ilikuwa na mlango ambao wazazi waliugundua haraka. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inaichukulia teknolojia ya masafa kama njia ya kufundishia tu, na papo hapo inairuhusu familia kumtoa mtoto shuleni na kumsomesha nyumbani, akirudi kufanya mitihani. Makundi ya wazazi yalisambaza nakala za barua za kukataa masomo ya mtandaoni. Wapo walioziwasilisha kwa mwalimu mkuu na kudai mtoto afundishwe darasani. Juni 2020 sheria ikarekebishwa ili masomo ya mbali yaruhusiwe bila kujali vikwazo vya kawaida wakati wa hali ya hatari. Wengine wakaenda upande ambao hakuna aliyeutarajia: walimtoa mtoto shule moja kwa moja na kumwandikisha katika shule binafsi za mtandaoni. Kwa kuwa nafundisha mimi, walisema, basi nifundishe kwa mpango wangu. Elimu ya nyumbani, iliyokuwa ya wachache sana, imekua tangu hapo. Sehemu ya waliochukia zaidi masomo ya mbali ya lazima ndio waliochagua masomo ya mbali kwa hiari.

Vita vya Urusi nchini Ukraine vimeuleta mjadala huu mahali pengine kabisa. Tangu 2022 shule za wilaya za mpakani katika mikoa ya Belgorod, Kursk na Bryansk zimekuwa zikihamishiwa mtandaoni kwa sababu ya makombora na droni, baadhi yake kwa miaka mfululizo. Huko mzazi haulizi kama skrini inamharibu mtoto macho. Anauliza kama jengo la shule lina handaki. Hatari ya njiani ikiwa kubwa kuliko uchovu wa nyumbani, mzigo ule ule wa jikoni unabebwa, na mara nyingi wazazi ndio wanaoomba masomo yabaki mtandaoni huku wakuu wakisita. Inatosha kulinganisha Moscow ya 2020 na Belgorod ya miaka hii ili kuona kwamba maoni ya watu hufuata wanachoogopa kupoteza.

Vyombo vyenyewe pia vimebadilika. Mwaka 2020 nchi ilisoma kwa Zoom na WhatsApp. Mwaka 2021 ikaletwa Sferum, jukwaa la shule lililotengenezwa na kampuni ya mawasiliano ya Rostelecom pamoja na kampuni inayoitwa sasa VK, na kuanzia 2025 makundi ya shule yameanza kuhamishiwa kwenye programu ya MAX ya VK hiyo hiyo. Wazazi wengi hawakuulizwa, na wengi wanasema hivyo. Wakati huo huo, tangu 2025 mikoa mingi imekuwa ikizima intaneti ya simu kwa saa au siku nzima kwa hofu ya droni. Mtoto anayesomea nyumbani kwa simu, kwenye nyumba isiyo na waya wa intaneti, siku hiyo hana shule yoyote, na hadi sasa hakuna aliyewaambia wazazi wake ni nani atakayemlipia somo alilokosa.